Chupa Bila Kipimo ni Nusu ya Dawa

Hakuna jambo liletalo ugomvi mwaloni kuliko kipimo. Mnunuzi wa dagaa akija na ndoo iliyotanuliwa tumbo, wavuvi huitambua kabla hajaishusha begani, na hapo maneno huanza. Mwenye sangara naye huutazama mzani kwa macho mawili, na akiutilia shaka anajua kwamba nchi hii ina Wakala wa Vipimo, ambao kazi yake kwa sheria ni kuhakikisha kwamba kilo ni kilo kweli. Twausifu ukali huo. Mtu anayelinda jasho lake hana haja ya kuomba radhi.

Lakini mtu huyo huyo arudipo nyumbani, akamkuta mwanawe anapiga chafya, macho yamevimba na ngozi imejaa mabaka ya kuwasha, huchukua chupa ya dawa ya maji iliyonunuliwa dukani, akatafuta kijiko chochote kilichoko jikoni, akamimina, akamnywesha mtoto. Haulizi kijiko kile chachukua kiasi gani. Haulizi kwa kuwa hakuna aliyepata kumwambia kwamba yafaa kuuliza. Leo twataka kusema juu ya kijiko hicho, na juu ya wale waliopaswa kumwambia.

Tumechagua kutoa mfano wa kisiwa cha Rukuba, katika kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Hatukuwachagua watu wake kwa kuwa ni wazembe kuliko wengine, la hasha. Ni kwa sababu kisiwa huonyesha waziwazi yale ambayo bara huyaficha. Mkazi wa Musoma mjini aliyekosea dawa ya mtoto jioni aweza kupata pikipiki na kufika hospitali ya rufaa kule Kwangwa usiku ule ule. Mkazi wa Rukuba hutegemea boti, na boti hutegemea upepo, mafuta na utu wa mwenye injini. Ziwa likichafuka, safari ya kwenda Mwigobero yangoja asubuhi. Kwa hiyo kosa dogo ambalo mjini lingekuwa hofu ya saa mbili, kisiwani laweza kuwa msiba.

Wala sababu za mzio hazikosekani huko. Dagaa huanikwa, hugeuzwa, hukusanywa na kufungwa katika magunia, na kila hatua hutoa vumbi lenye magamba na mchanga, ambalo watoto huvuta pamoja na mama zao. Upo moshi wa kuni. Wapo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wa moto wa nyika, hasa katika siku zinazofuata mwezi mwandamo, wakaingia katika nyumba, katika chakula na katika pua. Wadudu wa jamaa hiyo si wageni katika vitabu vya uganga: huko Sudan, kando ya Mto Nile, wataalamu walithibitisha kwamba inzi wadogo wa majini waliwaletea watu wengi pumu na mafua ya mzio. Hivyo anayesema kwamba aleji ni ugonjwa wa watu wa mjini walioshiba hajakaa mwaloni.

Yafaa tueleze dawa hizi hufanya nini, maana mtu hutumia vizuri zaidi kitu anachokielewa. Mzio ni mwili kumkosea adui. Vumbi lisilo na madhara laingia puani, mwili walidhania kuwa mvamizi, waamsha jeshi lake lote. Miongoni mwa silaha zake iko kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo iletayo kuwashwa, machozi, kamasi na mabaka. Dawa tunazozungumzia, yaani antihistamini, huiziba histamini milango isipate kuingia kazini. Ya kwanza ilipatikana mwaka 1937 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na Daniel Bovet, mmoja wa walioigundua, alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1957. Watu husahau kwamba ile ya kwanza kabisa haikuweza kutumika kwa binadamu, kwa kuwa sumu yake ilikuwa kubwa. Tangu siku ya kuzaliwa kwake, basi, dawa hii na sumu ni ndugu wa tumbo moja, na kinachowatenganisha ni kiasi.

Dawa hizi ziko za koo mbili. Ukoo wa zamani ni kama klorofeniramini, ambayo wengi waijua kwa jina la Piriton, na prometazini, na difenihidramini. Hizi hupenya hadi ubongoni, ndiyo maana mtu akizimeza husinzia. Ukoo wa baadaye ni kama setirizini na loratadini, ambazo hupenya ubongoni kwa uchache, na usingizi wake ni mdogo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto, limeitaja loratadini. Walakini madukani kwetu zile za zamani zingali zapendwa, kwa kuwa ni rahisi, zimezoeleka, na, tuseme kweli, kwa kuwa mtoto hulala.

Sasa tuchukue hesabu, nasi twamwomba msomaji asiiruke.

Klorofeniramini ya maji kwa kawaida huwa na miligramu 2 katika kila mililita 5. Mwongozo wa dawa za watoto unaotumiwa na madaktari wa Uingereza wampa mtoto wa miaka 2 hadi 5 miligramu 1 kwa wakati mmoja, ndiyo kusema mililita 2.5, na kati ya dozi moja na nyingine zipite saa nne hadi sita, wala jumla ya siku nzima isizidi miligramu 6. Wa miaka 6 hadi 11 apewa miligramu 2, yaani mililita 5, na mpaka wake wa siku ni miligramu 12. Vitabuni, mililita 5 ndizo ziitwazo kijiko cha chai. Je, kijiko cha chai cha nyumbani chachukua mililita 5? Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walichapa matokeo ya kazi moja ya kawaida kabisa: walikwenda katika nyumba 25, wakakusanya vijiko, wakavipima. Vijiko vya chai vilichukua kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Vya mezani vilichukua kuanzia 6.7 hadi 13.4.

Basi mtoto wa miaka mitatu anayestahili mililita 2.5, akinyweshwa kijiko kile kikubwa cha chai kikiwa kimejaa, amepata karibu mara tatu ya haki yake. Akinyweshwa kile kikubwa cha mezani, amemeza zaidi ya miligramu 5 kwa funda moja, naye amebakiwa na kidogo tu kufikia mpaka wa siku nzima, na bado jua halijatua. Kwa upande mwingine, kaka yake wa miaka minane akipewa kijiko kile kidogo kabisa, hupata nusu. Atazidi kujikuna, mama atasema dawa haifai, ataongeza kijiko kingine baada ya saa moja, kisha kingine. Na hivyo upungufu huzaa ziada. Na kama hivi ndivyo vijiko vilivyo Ugiriki, sisi ambao jikoni mwetu mna kijiko cha bati, cha plastiki na kile kilichotoka harusini, hatuna sababu ya kudhani kwamba vyetu vinafanana.

Iko pia hila ya nguvu ya dawa. Setirizini ya maji ya watoto huwa na miligramu 1 katika kila mililita. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 hupewa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, na wa miaka 6 hadi 11 hupewa miligramu 5 mara mbili. Lakini dawa hiyo hiyo hutengenezwa pia kama matone, yenye miligramu 10 katika mililita moja. Jina ni lile lile, rangi yaweza kuwa ile ile. Mtu aliyezoea ile ya kwanza, akaletewa hii ya pili na ndugu aliyetoka safari, akimimina kipimo chake cha zamani amempa mtoto mara kumi. Kwa hiyo kusema “mpe setirizini” si maelezo. Kusema “mpe mililita mbili na nusu” nako hakujatosha, mpaka isemwe ni ya chupa ipi.

Na umri peke yake hautoshi sikuzote. Loratadini, kwa mfano, mtoto aliyepita miaka miwili hupewa miligramu 5 mara moja kwa siku ikiwa uzito wake haujapita kilo 30, na miligramu 10 akiwa amezipita. Mtoto mchanga wa kliniki uzito wake umeandikwa katika kadi. Yule wa darasa la tatu je? Inasikitisha kwamba katika mialo yetu uzito wa sangara aliyevuliwa jana wajulikana hadi nusu kilo, na uzito wa mtoto anayecheza kando ya mzani ule ule haujulikani na mtu yeyote.

Tukiacha chupa, tutazame bahasha. Kila mtu amewahi kurudi na kile kifuko kidogo cha karatasi kilichoandikwa 1x3 kwa kalamu ya wino. Moja ya nini? Kijiko au kidonge? Mara tatu kwa saa zipi? Hata tukiandika kwa maneno, lugha yetu tukufu ina mtego wake: “kila saa sita” kwa mmoja ni kila baada ya muda wa saa sita, na kwa mwingine ni saa sita mchana na saa sita usiku. Wote wawili wasoma Kiswahili sanifu, wala hakuna mjinga hapo. Mwandishi wa bahasha ndiye aliyepaswa kuandika “asubuhi saa moja, mchana saa saba, jioni saa moja”, kazi isiyozidi nusu dakika. Na vidonge vya klorofeniramini huwa vya miligramu 4, ambavyo ni vya mtu mzima. Mzazi akiambiwa amkatie mtoto robo, huvunja kwa kisu. Robo moja huwa kubwa, nyingine huwa unga. Dawa ya maji yenye kipimo ni salama kuliko kisu cha jikoni.

Tena wengi hawajui kwamba ndani ya dawa nyingi za mafua na kikohozi imo antihistamini iliyochanganywa. Mzazi ananunua chupa moja “ya kifua” na nyingine “ya aleji”, anampa mtoto zote mbili kwa nia njema, na kumbe amempa dawa moja mara mbili. Jina kubwa la mbele ya boksi ni la biashara. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, na hilo ndilo la kusomwa. Tungeongeza kwamba kamasi za mafua ya kawaida, yale yanayopita yenyewe kwa siku chache, hazitaki antihistamini hata kidogo. Wala pumu haitibiwi kwa dawa hizi, bali mtoto anayekoroma kifua na kuvuta pumzi kwa shida lazima apelekwe kwa mganga.

Liko jambo moja ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Dawa ya kuleta usingizi hushawishi. Mama atakayeamka alfajiri kuanika dagaa, ambaye mumewe yuko ziwani na taa, na ambaye mtoto wake amelia tangu magharibi, akijua kwamba ile chupa humlaza mtoto, aweza kunyoosha mkono aichukue hata kama mtoto hana mzio. Hatumhukumu. Anayemhukumu na alale yeye katika kelele hizo siku saba. Lakini twamwambia dada yetu huyo jambo ambalo pengine hakuambiwa: usingizi huo hautoki katika wema wa dawa, hutoka katika kugusa ubongo, na ubongo huo huo ndio unaoamrisha pumzi. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru prometazini iwekewe onyo kali kwamba wasipewe kabisa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa walikuwapo waliozimikiwa pumzi wakafa. Mwaka 2008 mamlaka hiyo ikashauri kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari wasipewe watoto wa umri huo. Na kwa watoto wengine dawa hufanya kinyume: badala ya kulala huhangaika, hupiga kelele, huona vitu visivyokuwapo.

Mtoto aliyezidishiwa huweza kusinzia hata asiamshike, au kuweweseka. Mboni za macho hutanuka, ngozi huwa kavu na ya moto, moyo huenda mbio, na wengine hushikwa na degedege. Hapo hakuna maziwa wala mafuta ya kumnywesha, wala kumtapisha kwa kidole. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha tiba, na chupa yenyewe ibebwe pamoja naye ili mganga asome ni dawa gani na imepungua kiasi gani.

Kadhalika kuna hatari iliyo kinyume, ya kuiamini chupa hii kupita uwezo wake. Mtoto aliyeumwa na nyuki, au aliyekula kitu, kisha uso na ulimi vikavimba, sauti ikakauka, pumzi ikapiga mluzi, au akalegea na kuzirai, huyo hana haja ya antihistamini kwanza. Dawa yake ni adrenalini, nayo hupigwa kwa sindano katika msuli wa paja, upande wa nje, upesi. Anayekaa kumimina kijiko na kungoja nusu saa aone kama uvimbe utashuka, anapoteza nusu saa ambayo mtoto hana. Kwa sababu hiyo swali la kuuliza kila zahanati na kila kituo cha kisiwani ni hili: adrenalini ipo leo, na aliye zamu ajua kuitumia? Kituo kilicho ng’ambo ya maji chapaswa kuwa cha mwisho kuishiwa dawa hiyo, si cha kwanza.

Hatuwezi kupita bila kugusa habari za sumu, kwa kuwa ziliwatia wazazi hofu na zingali zinazungumzwa. Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji zilizoonekana nchini Gambia, mojawapo ikiwa ya prometazini, baada ya vifo vya watoto 66. Ndani yake zilikutwa dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, vimiminika vya viwandani vinavyoharibu figo. Kisha Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ikatangaza kwamba imeikuta dayethilini glaikoli katika kundi moja la Benylin ya watoto, namba 329304, lililotengenezwa Afrika Kusini mwezi Mei 2021. Dawa hiyo ina difenihidramini, nayo hutolewa kwa kikohozi na kwa mzio. Kampuni yenyewe ilisema vipimo vyake havikuiona sumu hiyo. Hata hivyo nchi kadhaa ziliamua kuiondoa madukani, na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ilikuwa miongoni mwao. Twaona ilifanya vyema, maana katika mambo ya watoto afadhali mwenye duka apate hasara kuliko mama.

Lakini fikirini: onyo la namna hiyo humfikia vipi mtu wa Rukuba? Redio hutaja namba ya kundi. Namba imeandikwa kwenye boksi na kwenye chupa. Kama dawa ilimiminwa kutoka chupa kubwa ikatiwa katika chupa ya soda, au kama boksi lilitupwa dukani, namba haiko tena, na onyo lote la serikali huishia hewani. Hivyo yule anayeuza dawa iliyovuliwa nguo zake, bila jina, bila namba, bila kipimo, amemnyima mnunuzi ulinzi wa aina mbili kwa mara moja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye hoja yetu. Ni desturi iliyozoeleka, mtoto akidhurika, kusema kwamba mama hakufuata maelekezo. Sisi twasema maelekezo hayo hayakuwapo. Mtu auziwaye dawa ya maji bila chombo cha kuipimia ameuziwa nusu ya dawa, na nusu iliyobaki ameachiwa aibuni jikoni mwake. Hakuna anayeuza petroli kwa kukisia. Hakuna anayeuza kitenge kwa kunyoosha mkono akasema “hii ni mita”. Kwa nini dawa ya mtoto iwe ndiyo bidhaa pekee inayoruhusiwa kutoka dukani bila kipimo?

Nchi hii imewahi kuonyesha kwamba duka dogo laweza kutengenezwa likawa msaada. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukaenea mikoani, ili yale maduka ya dawa baridi ya zamani yapate watoa dawa waliofunzwa na kukaguliwa. Twaomba hatua moja zaidi. Baraza la Famasi na wakaguzi wa halmashauri, waingiapo dukani kutazama leseni na tarehe za dawa, watazame na jambo hili: je, kila chupa ya mtoto hutoka na bomba la plastiki lisilo na sindano, au kikombe chenye alama za mililita? Je, mtoa dawa huchora mstari kwenye bomba lile kuonyesha kiasi, akamfanya mzazi avute maji kwa mkono wake mwenyewe mbele ya kaunta? Je, huuliza umri na uzito? Je, hukataa kumuuzia mzazi dawa hizi kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka miwili, akamwelekeza kwa mganga?

Wenye maduka watasema bei itapanda. Twawajibu kwamba bomba la plastiki la mililita 5 ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika duka lolote la dawa, na likioshwa kwa maji safi na kukaushwa hutumika kwa mtoto yule yule mpaka chupa iishe. Watasema pia kwamba maboksi mengine huja na kikombe chake. Ni kweli. Basi kikombe hicho kisiachwe kaunta, na maboksi yasiyo nacho yatafutiwe.

Wako watakaotuuliza Chama kina nini na kijiko cha dawa, wakati kuna barabara na bei za mazao. Swali hilo twalisikia na halitutishi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini, wakajifunza habari za malaria, kuhara, vyoo na maji, kisha wakainuka wakachimba. Haikuonekana kuwa kazi ya chini kwa kiongozi kuzungumza juu ya choo. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama katika mkoa huu wa Mara, aliyataja maradhi kuwa mmoja wa maadui wa taifa, wala hakusema kwamba adui huyo apigwe vita na madaktari peke yao.

Balozi wa shina azijua nyumba zake zote kwa majina ya watoto. Kikao kimoja cha tawi kule Rukuba chaweza kuwaita mtoa dawa na mtabibu wa kisiwa wakaonyesha, kwa bomba na bilauri ya maji, mililita 2.5 ni kiasi gani na kijiko cha kila mmoja chachukua nini. Watu walete vijiko vyao kutoka nyumbani, vipimwe hadharani, nasi twaamini mabishano yatakuwa matamu kuliko ya ndoo za dagaa. Umoja wa Wanawake waweza kuwafikia akina mama kwenye vichanja vya kuanikia, ambako mikutano ya jioni haiwafikii. BMU za mialo, ambazo zina mizani, zaweza kutenga asubuhi moja katika mwezi kuwapima watoto wa shule uzito na kuwaandikia katika daftari zao. Na ndugu zetu wa TUGHE, wafanyakazi wa afya, ambao twajua wamechoka na ni wachache, twawaomba ile bahasha ya 1x3 waiage.

Kwa wazazi hatuna maneno mengi. Dawa isiyo na jina isinywe mtoto. Kipimo cha mtoto mmoja kisihamishiwe kwa mdogo wake. Anayempa dawa awe mmoja, ama aandike ukutani kwa mkaa saa aliyompa, maana nyumba yenye bibi, shangazi na dada mkubwa yaweza kumpa mtoto dozi tatu za upendo katika jioni moja.

Kurasa zetu za barua ziko wazi katika jambo hili. Twawaalika wasomaji wa Rukuba, na wa mialo mingine ya Mara, watuandikie: mara ya mwisho uliponunua dawa ya maji ya mtoto, ulipewa kipimo gani pamoja nayo, na bahasha iliandikwa nini? Jina la duka si lazima. Jina la kata latosha, nasi tutazipeleka barua hizo kwa wakaguzi wa halmashauri kabla ya kuzichapa.